Seva ndogo zichaguliwe mfumo kwa kuangalia stima, si sifa

Mhariri,

Tupe nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo kuhusu kompyuta ndogo za ubao mmoja, Raspberry Pi na wenzake kina Orange Pi, ambazo sasa zinafanywa seva katika madrasa, shule, maktaba na nyumba za wageni hapa Lamu. Kifaa chenyewe hakina ubaya: kinakula wati chache, kinaenea kiganjani, na kazi kinaiweza. Kasoro ni kwamba mnunuzi huuliza bei, RAM (kumbukumbu ya kazi inayofutika umeme ukizimwa) na ukubwa wa kadi, kisha mfumo endeshi huachiwa yeyote aliyekuja na laptopi siku hiyo. Mmoja ataweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea chuoni, mwingine toleo lenye desktopi kamili kwa kuwa linapendeza macho, na wapo wanaoweka Kali, Linux ya wapima usalama wa mitandao, kwa sababu wameiona kwenye video. Baada ya miezi michache seva haiwaki, na lawama hutwikwa kifaa.

Rai yetu ni kuwa huku kwetu mfumo wa seva uchaguliwe kwanza kwa swali moja: stima ikipotea ghafla usiku wa manane kisha ikarudi, je, utaamka wenyewe bila fundi? Kasi na wingi wa programu vifuate nyuma. Seva ikigoma mjini Nairobi, fundi hupanda matatu. Ikigoma Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, fundi husubiri mashua, na mashua husubiri maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda.

Kinachokufa mara nyingi si ubao, ni kadi ya microSD. Ndani ya kadi mna kidhibiti kinachohamisha data huku na huko bila mfumo kujua, na ili kubadilisha herufi chache hulazimika kufuta na kuandika upya fungu zima. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, hatari haiko kwa faili iliyokuwa ikiandikwa peke yake. Hata faili jirani, ambayo haijaguswa tangu siku ya kwanza, inaweza kuharibika. Wengi hudhani ext4, mpangilio wa faili wa Linux, itawaokoa kwa kuwa ina jarida la kujirekebisha. Jarida hilo hulinda mpangilio wa faili, lakini halina amri juu ya yanayotendeka ndani ya kadi. Kwa hiyo mfumo unaotufaa ni ule unaoandika kidogo mno kwenye kadi, au usioandika kabisa.

Kwa wenye Raspberry Pi 3, 4 au 5, jibu letu halina mbwembwe: Raspberry Pi OS Lite ya biti 64. Ni Debian (aina nyingine ya Linux) iliyorekebishwa na watengenezaji wa ubao wenyewe, ambayo hadi 2020 ilijulikana kama Raspbian, kwa hiyo kerneli (kiini cha mfumo) na programu ya kuwashia hutoka kwa mtu yule yule aliyetengeneza kifaa. Lite haina desktopi. Kuipakua ni kama nusu gigabaiti, ilhali yenye desktopi hupita gigabaiti moja, na ikishawaka hula karibu megabaiti 200 za RAM, hivyo hata Pi 3 yenye gigabaiti moja hubaki na nafasi ya kazi. Wenye Pi ya kwanza ya 2012 au Zero ya awali hawana hiari. Prosesa zao ni ARMv6, na Debian ya kawaida ya biti 32 inadai ARMv7, basi wachukue Raspberry Pi OS ya biti 32. Ukitaka kujua mfumo uliowekewa ni wa biti ngapi, usitegemee amri ya uname -m, maana toleo la biti 32 kwenye Pi 4 huweza kubeba kerneli ya biti 64 na kujibu aarch64. Andika dpkg --print-architecture. Jibu likiwa arm64 uko salama, likiwa armhf umepewa wa biti 32.

Kabla ya kuandika mfumo, ijaribu kadi. Kadi bandia ni nyingi: imeandikwa gigabaiti 64 na ndani mna 8, na haitasema chochote mpaka ijae. Kwenye laptopi ya Linux weka programu ya f3, endesha f3write kisha f3read juu ya kadi, na ikiripoti sehemu zilizopotea irudishe dukani siku hiyo hiyo. Kisha, katika Raspberry Pi Imager, jaza mipangilio kabla ya kuandika: jina la seva, mtumiaji na nywila, saa za Africa/Nairobi, nchi KE kwa ajili ya waifai, na SSH, njia ya kuingia seva kutoka kompyuta nyingine, iwashwe. Tangu Aprili 2022 yule mtumiaji pi mwenye nywila raspberry hayupo tena, na anayeiruka hatua hii hubaki na seva asiyoweza kuingia mpaka atafute skrini na kibodi.

Kadi ya gigabaiti 16 inatosha, kwa sababu data hazitakiwi kukaa humo. Data ziwekwe kwenye SSD ya USB, yaani diski ya nje ya kielektroniki, iliyofomatiwa ext4. Flashi nyingi huja na FAT32, ambayo haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, na hapo ndipo watu wa Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, hukwama, maana Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake hupita gigabaiti 100 katika faili moja. Tafuta UUID (namba ya utambulisho) ya diski kwa amri ya blkid, kisha uongeze mstari katika /etc/fstab ukiipachika kwenye /srv, na katika sehemu ya chaguo uandike defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=10. Usitumie /dev/sda1, kwa kuwa jina hilo hubadilika ukichomeka diski nyingine. Neno nofail ndilo roho ya mstari huo. Likikosekana, na diski ikachelewa kuamka baada ya stima kurudi, mfumo husubiri dakika moja na nusu kisha huingia hali ya dharura na kukaa hapo ukingoja mtu abonyeze kibodi. Seva nyingi tunazoambiwa zimekufa ziko katika hali hiyo tu.

Sasa tufike kwenye jambo linaloipa Raspberry Pi OS ushindi. Ndani ya raspi-config, menyu ya mipangilio ya mfumo huo, chini ya Performance Options, mna Overlay File System. Ukiiwasha, kadi hufungwa isiandikwe, na kila badiliko hukaa kwenye RAM mpaka umeme uzimwe. Stima ikipotea, kadi haikuwa ikiandikwa chochote, na kesho mfumo huamka ulivyokuwa jana. Lakini ina mitego, na anayeiwasha bila kuijua atajuta.

Mtego wa kwanza ni kwamba overlay inaweza kuifunika na ile SSD yako. Baada ya kuiwasha, endesha findmnt /srv. Ikijibu overlay badala ya ext4, kila kitu unachohifadhi kwenye diski kinaandikwa hewani. Fungua /boot/firmware/cmdline.txt, pale palipoandikwa overlayroot=tmpfs pafanye overlayroot=tmpfs:recurse=0, kila kitu kikibaki katika mstari mmoja ule ule, kisha uwashe upya. Lifanye hilo kabla ya kukubali kuifunga sehemu ya boot, la sivyo faili hiyo haitaharirika. Hakikisha kwa kuunda faili ndani ya /srv, kuwasha upya, na kuitazama kama bado ipo.

Pili, hifadhidata. MariaDB huweka data zake /var/lib/mysql, ambako sasa ni RAM. Zihamishie /srv kabla ya overlay, na ubadilishe datadir katika mipangilio yake. Vivyo hivyo faili za Samba (programu ya kugawana faili), picha za wavuti, orodha za wanafunzi, na chochote kingine kisichotakiwa kupotea.

Tatu, masasisho. Ukiendesha apt upgrade huku overlay imewashwa, utaona kila kitu kimekwenda sawa, na seva ikizimika kazi yote itakuwa imeyeyuka pamoja na bando lako. Zima overlay, washa upya, sasisha, iwashe tena, washa upya. Hata nywila ikibadilishwa bila utaratibu huo hurudi ya zamani.

Mtego wa nne ni saa, na huu haumo vichwani mwa wengi. Raspberry Pi hadi ya 4 haina saa yenye betri. Mfumo hujikimu kwa kuandika muda kwenye kadi mara kwa mara na kuusoma unapowaka. Kadi ikifungwa, muda huo hauhifadhiwi, na kila stima ikirudi seva hujiona iko siku ile overlay ilipowashwa. Intaneti ikiwepo, hujisahihisha. Isipokuwepo, mahudhurio ya wanafunzi huandikwa tarehe za miezi iliyopita, vyeti vya usalama vya wavuti hukataliwa, na apt hulalamika kuwa faili za hazina bado hazijaanza kutumika. Dawa ni moduli ya saa ya DS3231 yenye betri. Huchomekwa pini ya 1 kwa volti 3.3, ya 3 na ya 5 kwa data, na ya 9 kwa ardhi. Washa I2C, njia ya data ya moduli hiyo, katika raspi-config, ongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 katika /boot/firmware/config.txt, ondoa fake-hwclock, ile programu inayoandika muda kwenye kadi, washa upya, na intaneti ikiwepo andika sudo hwclock -w. Yote haya kabla ya overlay, bila shaka. Ile moduli kubwa ya buluu isipewe volti 5: ina sakiti ya kuchaji ambayo haipatani na betri ya CR2032 isiyochajika, na pini za data za Pi hazistahimili zaidi ya 3.3. Pi 5 ina saa yake ubaoni, ila betri huuzwa kando.

Asiyetaka overlay, kwa mfano seva yake inabadilishwa kila siku, apunguze angalau uandishi. Katika /etc/systemd/journald.conf aweke Storage=volatile ili rekodi za mfumo zikae kwenye RAM, na kama anatumia toleo lililojengwa juu ya Debian 12 azime faili ya swap, RAM ya ziada inayokaa kwenye kadi, kwa kuifunga huduma ya dphys-swapfile. Hiyo ni nusu kinga.

Ubuntu Server si mfumo mbaya. Matoleo yake ya LTS, yaani ya matunzo ya muda mrefu, hutoka Aprili ya kila mwaka wa shufwa: 2022, 2024, na kuendelea, na kila moja hutunzwa miaka 5. Kwenye Pi 4 ya gigabaiti 4 huenda vizuri. Tunachokikataa ni tabia zake za kimyakimya. Huja na masasisho ya kujiendesha, na snap, njia yake ya kusambaza programu, hukagua matoleo mapya mara nne kwa siku bila kukuuliza. Penye faiba hilo ni jema. Seva inayopata intaneti kwa simu ya mwalimu mkuu italamba bando hilo, na mbaya zaidi itakuwa ikiandika kwenye kadi saa ambayo hakuna ajuaye. Raspberry Pi OS haisasishi mpaka uiamuru. Hilo nalo lina gharama yake, maana lazima mtu apangiwe siku ya kulifanya. Penye seva kadhaa, weka apt-cacher-ng kwenye moja na nyingine zielekezwe huko kwenye mlango 3142, ili kila kifurushi kipakuliwe mara moja tu.

Alpine, Linux nyingine ndogo, tunaiheshimu sana. Inaweza kuishi yote kwenye RAM tangu mwanzo, na ni ndogo kiasi kwamba ukiwa na bando la kuhesabu hutahisi. Unachobadilisha hakihifadhiwi mpaka useme lbu commit, jambo zuri kwa mtu makini na balaa kwa msahaulifu. Ila imejengwa juu ya musl badala ya glibc, maktaba ya msingi ya Linux nyingi, kwa hiyo baadhi ya programu zinazosambazwa zikiwa zimeshatengenezwa hukataa kuwaka, na atakayerithi seva yako, ambaye pengine anajua Debian tu, atapotea. Kwa kazi moja isiyobadilika, kama kugawa anwani na majina ya mtandao, ichukue. Kwa seva ya shule, hapana.

FreeBSD na NetBSD, mifumo isiyo ya Linux, zinawaka kwenye mbao hizi na wapenzi wake wanazijua. Waifai ya ndani ya Pi haifanyi kazi kwenye FreeBSD. Tusonge.

Orange Pi na Banana Pi ni habari nyingine. Bei yake huvutia, lakini mfumo unaotolewa na kiwanda aghalabu umefungwa kwenye kerneli ya zamani, na kiwanda kikitoa ubao mpya cha zamani husahaulika. Hapo chukua Armbian, ambayo pia ni Debian au Ubuntu, na ambayo huweka rekodi za mfumo kwenye RAM bila kuombwa. Lakini angalia daraja la matunzo ya ubao wako katika orodha yao kabla ya kulipa, si baada ya. Ubao ulioachiwa jamii unaweza kuwaka leo na kukosa mtandao baada ya sasisho. DietPi nayo ni Debian iliyopunguzwa, hufaa mbao nyingi, na mipangilio yake yote hujazwa katika faili ya dietpi.txt kabla ya kuwasha. Jueni tu kwamba huja na nywila ya dietpi inayojulikana na dunia nzima, na kwamba kwa kawaida yake hufuta rekodi kila saa, hivyo ukitafuta chanzo cha hitilafu ya jana hukuti kitu.

Mfumo wowote utaonekana mbovu ikiwa chaja ni mbovu. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, Pi 3 ampea 2.5, Pi 5 ampea 5. Chaja ya simu hushuka volti SSD ikianza kuvuta, diski hujikata, na mtu huilaumu Linux. Uliza seva yenyewe: vcgencmd get_throttled. Jibu 0x0 ni salama. Ukiona 0x50000, umeme ulishuka wakati fulani tangu iwashwe na prosesa ikapunguzwa kasi. 0x50005 maana yake hali hiyo inaendelea unapotazama. Pi 5 ikipewa chaja ndogo hubana milango ya USB hadi miliampea 600 kwa jumla, ambazo SSD nyingi hazitosheki nazo. Joto nalo lipimwe kwa vcgencmd measure_temp, hasa wakati wa kaskazi: ikifika nyuzi 80 hujipunguza kasi. Sanduku liwe na matundu na lisielekee baharini, kwani chumvi hula vishikio vya kadi kabla ya kitu kingine chochote.

Wenye sola wahesabu hivi. Pi 4 na SSD yake kwa wastani wa wati 5 ni wati-saa 120 kwa siku, yaani ampea-saa 10 za betri ya volti 12. Betri ya risasi haifai kukamuliwa zaidi ya nusu, na kibadilishi cha kushusha volti nacho hula chake, hivyo ya ampea-saa 25 ndiyo ya kuanzia. Na asiye na bajeti ya haya yote afikirie laptopi kuukuu yenye betri inayoshika chaji, iwekwe Debian. Haina sifa ya kisasa, lakini tayari ina betri, saa na skrini.

Ombi letu kwa wanaonunua na wanaofadhili ni kwamba karatasi ya makabidhiano itaje jina la mfumo, toleo lake, mwaka ambao matunzo yake yanakwisha, na nani ana nywila. Pamoja na seva iletwe kadi ya pili iliyokwisha kuandikwa mfumo ule ule, ikiwa ndani ya bahasha yenye jina la seva, ili hata mwalimu asiyejua Linux aweze kuibadilisha. Na kabla ya kutia sahihi, mpokeaji afanye jaribio hili mbele ya aliyeileta: aanze kunakili faili kubwa kuingia kwenye seva, na katikati ya kunakili achomoe plagi ukutani. Asubiri nusu dakika, airudishe, ahesabu dakika 3, kisha afungue ukurasa wa seva kwa simu yake. Arudie mara kumi. Ikikosa kuamka hata mara moja, asitie sahihi.

Mafundi wa seva na mitandao,
Langoni, Lamu.